Maji Nyuma ya Matete

Kamina, Jumapili. Leo ni wiki ya sita tangu niondoke Kinkondja.

Mama Ngoy, natumaini wewe na watoto mmeamka vizuri. Mimi mgongo tu unauma kwa kusukuma mapipa ya mafuta ya helikopta. Jana wenye helikopta walinipandisha nishike mkanda wa mpiga picha wao, maana anafanya kazi mlangoni, miguu nje. Tulipofika juu ya ziwa letu akapiga kelele, "Papa, angalia mayi, iko muzuri!"

"Ile nyumba ya bati kule njo yetu," nikamwambia, nikimwonyesha nyumbani kwetu kwa kidole.

Akapiga picha, akanionyesha. Maji yamezunguka nyuma ya matete, yamebakiza kipande cha nchi kavu chenye upana wa njia ya baiskeli. Ukiwa uani huwezi kuyaona. Usiningoje. Chukua watoto na samaki waliokauka, mpande kwa kaka yako mlimani siku hiyohiyo utakayoipata kadi hii. Mabati tutayafuata baadaye.

Nawakumbuka wote. Kazi inaisha Ijumaa ya wiki ijayo. Nitashukia kwa shemeji, sitapita nyumbani.

Baba Ngoy