Aliyeitikiwa na Mwenzake

Ghorofa ya pili, chumba namba sita,
Nyuma ya karakana ya matairi.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mpwa wangu,

Pokea salamu za mjomba wako. U hali gani? Mgongo bado unakusumbua? Mimi sijambo, ila goti hunikumbusha umri kila nikipanda ngazi. Mke wangu naye hajambo. Ananicheka kwa sababu nahesabu watu mezani kabla ya kula. "Tuko wawili tu, afande," ananiambia.

Nimefurahi mno kusikia umekabidhiwa kombania nzima ya askari. Umeniomba nikuandikie niliyojifunza kuhusu uongozi kwa miaka thelathini na moja jeshini. Nilianza na orodha: kiongozi ale wa mwisho, asifoke mbele za watu. Nikaichana. Hayo walishakufundisha chuoni.

Nikuambie nisilowahi kumwambia hata mama yako. Nilipokuwa luteni, tuliamriwa kuondoka upesi kwenye kituo kimoja mlimani. Sajini wangu alikuwa na desturi ya kupita lori kwa lori, akimgusa kila askari begani huku akihesabu. Siku ile mvua ilikuwa kubwa, nami nilijiona mjuaji. Nikamwambia, "Sajini, tutachelewa. Ita majina tu, twende." Akaita, na kila jina likaitikiwa.

Jina la mtu wetu wa redio liliitikiwa na rafiki yake. Alidhani mwenzake kasinzia kwenye lori la nyuma, akataka kumwepusha na adhabu. Kumbe yule bwana alikuwa bado juu, anakunja waya za redio kama nilivyomwagiza mwenyewe. Tulipogundua, tulikuwa tumeshavuka mto na daraja tumelivunja nyuma yetu, adui asitufuate. Hakuonekana tena.

Kwenye ripoti niliandika kwamba alitoroka. Sajini aliisoma, akasema, "Sawa, afande," na tangu siku hiyo hakunitania tena. Mimi nikapandishwa cheo. Mama wa yule askari akapelekewa barua yenye saini yangu, na nilisikia aliacha kwenda hata harusini kwa aibu ya kuitwa mama wa mtoro.

Mpaka leo naisikia ile "Nipo, afande." Haikuwa sauti yake, na kinachonitesa ni kwamba nadhani nilijua palepale.

Juzi nimewaandikia makao makuu, nimeeleza yote. Nishani wakizitaka wazichukue. Yule mama bado yu hai, nami Jumatano nakwenda kwake. Naogopa, mwanangu. Huenda jina langu likakutia doa huko kazini, unisamehe.

Wewe waguse mabega. Hata wakubwa wakikuita mzembe, waguse wote.

Nisalimie kaka yako na watoto wake. Mama yako msalimie sana, na umwambie ile picha yangu ya sare pale sebuleni aiteremshe, mpaka nirudi kutoka kwa yule mama.

Mungu akulinde, wewe na wote uliokabidhiwa, asisahaulike hata mmoja.

Akupendaye siku zote,
Mjomba wako.