Nilimwambia Kalondu Alime

Alhamisi

Na alinionyesha mwenyewe, kwa mkono wake. Mwaka jana, kwenye mteremko wa mawe nyuma ya boma lake huko Nuu, Mama Kalondu alivunja tawi akalisugua kiganjani. "Mwalimu, huu si kama ile mirehani mingine. Nusa. Hata mbuzi hawaugusi."

Nilinusa haraka haraka. Jua lilikuwa kali, nami nilikuwa na njaa. Nikasema ni mrehani wa porini wa kawaida, umejaa hadi Makueni. Tawi nililichukua kwa mazoea tu ya kazi yangu ya kukusanya mimea.

Akauliza, "Basi nikilima hapa hakuna neno?"

"Lima tu, mama."

Jana ndipo nililitoa katikati ya magazeti nilimolikausha, nikalitazama kwa lenzi. Mrehani wa kawaida una duara la vinywele ndani ya kikombe cha ua. Huu hauna hata kimoja. Nimeulinganisha na jamaa zake wote waliokaushwa tulio nao kwenye hifadhi ya mimea ofisini, na haufanani na yeyote.

Leo nimefika Nuu mapema. Mteremko wote umelimwa ndengu, mistari imenyooka. Tumezunguka na Kalondu mpaka saa tisa, tukiinama penye kila jiwe. Hakuna hata mche mmoja wa mrehani ule.

Nimemwomba msamaha. "Si ulisema ni ule wa kawaida?" ameniuliza, bila hasira, kisha akanipa uji.

Tawi langu lina maua tu, halina mbegu za kuuotesha tena.

Kwenye lebo ya tawi hilo, penye jina la aliyeutambua mmea, nimeandika Kalondu. Hakuna mahali pa kuandika nani alisema palimwe.