Kwa Elia, Aliyerudi Nyuma Kumwamkia Afisa

Mwanangu mpendwa Elia,

Simu zangu huzipokei, na dada yako Neema amekataa kunitajia mtaa unaoishi huko Tanga. Ameniambia tu kwamba unapakia mizigo sokoni, na kwamba umeapa hutapanda mlima kuja nyumbani mpaka uwe na kitu cha kuonyesha. Basi nakuandikia, naye ameahidi kukufikishia. Barua hii siifungi. Habari yako kila mtu hapa Magamba anaijua, na wengi wameicheka kwa mapenzi.

Unakumbuka siku ya viazi? Ulikuwa na miaka minane. Tulikuwa tukipanda kutoka sokoni Lushoto, kikapu cha viazi kikiwa kichwani mwako. Jua lilikuwa limetoka baada ya siku nyingi za ukungu, na jirani yetu Mama Hiza alikuwa ameanika maharage mbele ya nyumba yake. Ukampita kimya. Nilikuacha uende mpaka konani, kisha nikakurudisha.

"Mwalimu, mwonee huruma mtoto, ana mzigo!" alisema Mama Hiza.

"Mzigo uko kichwani, Mama. Mdomoni hakuna kitu."

Ukasema shikamoo huku machozi yakikutoka, naye akaitikia marahaba mara tatu ili akufurahishe. Tangu siku hiyo hukumpita mkubwa bila kumwamkia. Nilijivunia jambo hilo kuliko cheti chochote ulichowahi kuniletea.

Sikujua kwamba somo lile lingekufuata mpaka Afrika Kusini. Neema alinisimulia kama ulivyomsimulia. Kibali chako kilikuwa kimekwisha muda. Asubuhi ile mlipokuwa mkienda kwenye ujenzi, mliwakuta maafisa wa uhamiaji wamesimama kando ya barabara. Wenzako waliinamisha vichwa wakapita, nawe ukapita, wala hakuna aliyewauliza neno. Lakini mmoja wa maafisa wale alikuwa mzee.

"Nilishafika konani, Neema. Miguu ikakataa. Nikarudi."

"Ukarudi kufanya nini, kaka?"

"Kumwamkia. Mzee wa mvi tupu vile, ningempitaje?"

Ukamwinamia, ukasema shikamoo. Mzee akatabasamu, akauliza hiyo ni lugha ya wapi. Nawe, kwa kuwa nilikufundisha kujibu swali kikamilifu, ukamtajia nchi, mkoa, wilaya na kata. Ndipo akaomba kibali.

Neema alipofika hapo alikaa chini kwa kucheka. Mimi siku ile sikucheka. Nilicheka siku mbili baadaye, nikiwa peke yangu shambani, nikipalilia kabichi, mpaka nikaegemea jembe.

Nimesikia pia habari za kizuizini: kwamba mlilala wengi katika chumba kimoja, Wamalawi, Wakongo na Wasomali, na kwamba mlikaa wiki nyingi bila kujua siku ya kuondoka. Nimesikia kwamba kila asubuhi uliwaamkia wazee wote wa chumba kile, mmoja mmoja, na kwamba kabla hujaondoka chumba kizima kilikuwa kikiitikia "marahaba", hata walinzi. Mzee mmoja wa Malawi alikuwa akikuita Mwalimu. Jina hilo mimi nililisomea miaka miwili chuoni. Wewe umelipata bila ada.

Sitakudanganya, mwanangu. Kukaa katika nchi ya watu bila kibali ni kosa, nami sitaliita kwa jina lingine. Lakini kosa lile limekwisha. Walikushika, wakakuweka ndani, wakakupandisha ndege, wakakurudisha kwenu. Mambo yako na nchi ile yamefikia mwisho. Hakuna mtu huku anayetaka kuyaanza upya.

Limebaki kosa langu.

Siku uliyofika Dar es Salaam uliazima simu ukanipigia. Ulisema, "Shikamoo, Baba." Nami nikajibu, "Kibali kilikwisha lini?" Simu ikakatika. Nilijiambia kwamba mtandao ni mbaya. Mama yako, aliyekuwa karibu, hakujiambia hivyo. Tangu siku hiyo ananisemesha habari za chumvi na kuni tu.

Wiki iliyopita Mama Hiza alikuja kuuliza kama umefika. Amezeeka sasa, anatembelea fimbo, lakini ulimi wake haujapata kutembelea fimbo hata siku moja.

"Mtoto alipopiga simu alikuamkia, Mwalimu?"

"Aliniamkia."

"Ukaitikia?"

Nikainuka kumtafutia kiti.

"Haya, niambie. Mdomoni mwako kulikuwa na mzigo gani?"

Mama yako alicheka jikoni. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu uliponyamaza, nami nikaona afadhali nichekwe kila siku kuliko nyumba iendelee kuwa kimya vile.

Elia, ule mpeasi ulioubebesha kikonyo cha mti mwingine kabla ya kuondoka umezaa. Matawi yameinama mpaka nimeyawekea miti ya kuyategemeza. Nimewakataza watu wote kuchuma, na Mama Hiza amenijulisha kwamba katazo hilo yeye halimhusu. Unasema huwezi kuja mikono mitupu. Njoo nayo hivyo hivyo mitupu, maana mikono iliyojaa haichumi.

Ukishuka garini hapa Magamba utanikuta nimesimama barabarani. Usihangaike kutafuta la kujieleza, sitauliza swali. Lakini salamu yako ya siku ile imekaa siku nyingi mno bila kuitikiwa, wala sitaki ingoje mpaka hapo. Ulisema, "Shikamoo, Baba."

Marahaba, mwanangu. Marahaba. Pole na safari.

Ni mimi,
Baba yako