Orrin Hataki, Kuna Panya

Shambani, Dakota Kaskazini
27 Machi

Kwa dada yangu LaVonne,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na mwanao Cheryl na wote walio karibu nawe huko Arizona. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia, na kifua hakikusumbui tena pale walipokupasua. Ukitaka kujua hali yangu, mimi ni mzima wa kula na kulala, ingawa kula kwenyewe ni kula tu. Theluji bado imefika usawa wa dirisha la jikoni. Jana baridi ilikuwa ya kukata masikio, na leo jua limetoka kunicheka.

Barua yako niliipata Jumanne. Nimeisoma mara nne, mara ya nne nikiwa nimesimama. Unasema chumba cha nyuma umeshakipaka rangi, kitanda kipo, mchungwa uko dirishani, na kwamba sasa hakuna tena wa kunizuia, nije tukae pamoja mpaka Mungu atakapotuita. Nakushukuru, na sisemi kwa mdomo tu. Lakini umeandika pia kwamba yule mzee wangu wa panya alikunyang'anya mdogo wako miaka tisa, na kwamba hutamsamehe hata akiwa kaburini. Na siku nilipokupigia simu kukwambia amefariki, ulisema, "Basi panya wameshinda." Dada, neno hilo limenikwama kooni kama mwiba wa samaki. Siwezi kuja kulala kwenye kitanda chako kabla hujajua unamlaza nani.

Kwanza nikueleze mume wangu Orrin alivyokufa, maana kwenye simu hukuuliza. Ilikuwa tarehe kumi na moja Februari, saa nne asubuhi. Alikuwa anazoa theluji kwa koleo, akifungua njia ya kwenda kwenye banda la mashine, kama alivyofanya kila asubuhi ili akaangalie mitego yake. Nilimwona dirishani ameegemea koleo. Nikadhani anapumzika, na wala sikuwa na huruma, nilikasirika kwamba kahawa inapoa. Halafu akakaa chini kwenye theluji, taratibu, kama mtu anayekaa kwenye benchi la kanisani. Nilipomfikia glavu moja alikuwa ameivua. Bado hatujamzika. Ardhi imekuwa chuma, hakuna anayechimba kaburi huku kabla ya Mei, kwa hiyo yuko mjini ndani ya sanduku lake kwa mwenye shughuli za mazishi, anangoja udongo ulainike.

Sasa hilo gari-nyumba. Najua unalichukia bila hata kulipanda. Orrin alilinunua mwaka alioacha kulima na kuyakodisha mashamba, akasema tumekaa mahali pamoja miaka arobaini kama visiki, sasa tutembee na kitanda chetu, jiko letu na choo chetu. Alipanga kukufikia wewe wa kwanza kabisa. Alichora njia yote kwenye ramani kwa penseli nyekundu, na mwisho wa mstari akaandika "kwa shemeji". Ramani hiyo bado iko kwenye droo, ukitaka nitakutumia.

Vuli ile ya kwanza hatukujua lolote. Tuliliegesha kwenye banda karibu na ghala la ngano, mtu na akili zake! Mashine ya kuvuna ilipopita mashambani, panya wote wa wilaya walitafuta pa kulala, na sisi tumewawekea hoteli. Majira ya kuchipua tulipolitoa kwenda kwenye milima ya Black Hills, walikuwa wamefumua godoro, wametafuna nyaya za taa, na kwenye mashine ya joto walikuwa wamejenga kiota kwa vitambaa vyangu vya mezani. Orrin alipoiwasha, harufu ya mkojo wa panya ilitupiga mpaka nikatapika kwenye beseni la kuoshea vyombo. Siku tano nilimpigia kelele. Nilimwambia kwamba mimi sitalala tena kwenye choo cha panya hata nikiahidiwa pepo. Yeye alikuwa akisema tu, "Pole, mama. Nitashughulikia. Hutaona tena hata kinyesi kimoja."

Akashughulikia. Hapo ndipo mlipoanza kumcheka, wewe huko na majirani huku. Kila Septemba alilala chali chini ya gari juu ya katoni, na penseli mkononi. Tundu ambalo penseli inapita, aliliziba, maana panya naye anapita. Aliziba kwa sufi ya chuma, ile ya kusugulia masufuria, akaikandika na gundi. Akaweka pamba zenye mafuta ya mnanaa kila kabati, akaondoa mpaka vipande vya sabuni, akafagia chini ya gari, akalihamisha mbali na ghala. Nje akaweka ndoo zenye maji yasiyoganda, na kopo lililopakwa siagi ya karanga likizunguka juu, panya akikanyaga anatumbukia. Delmar Tveit wa shamba la pili alikuwa akimwambia kanisani, mbele ya watu, "Orrin, panya wako wamehamia kwangu, wanakusalimia, wanasema baba mwenye nyumba alikuwa mkali mno." Watu wanacheka, Orrin naye anacheka, anamega mkate wake wa lefse anachovya kwenye kahawa. Hakuwa mtu wa kujibu.

Na kila msimu wa baridi wewe ulinipigia simu, ukasema, "Njooni basi, huku tunavaa kandambili, nyie mnaganda kwa ajili ya nini?" Na mimi nikakujibu kila mara kwamba Orrin hataki. Orrin ameshalifunga gari, akilifungua panya wataingia. Orrin haamini nyumba ya mtu mwingine. Orrin anasema mwaka ujao. Ulimtukana, na mimi nilikuacha umtukane. Nilikuwa nikivuta kiti nikae vizuri kukusikiliza.

Ngoja nikukumbushe jambo, ingawa utasema nafukua. Ulipoondoka hapa ulikuwa na miaka ishirini na mbili, na mimi kumi na tisa. Ulisema unaenda kuangalia tu. Mama akaanza kusahau majina, kisha akasahau choo, kisha akanisahau mimi, na kwa miaka kumi na moja nilimwosha na kumlisha katika nyumba hii hii, nikiwa na watoto wangu wadogo, na Orrin akimbeba mgongoni kumpandisha ngazi. Wewe ulituma kadi zenye picha za machungwa. Kila kadi ilisema utakuja wakati wa kiangazi. Mama, alipokuwa hajui hata mimi ni nani, alijua jina lako. Alikaa pale dirishani akiuliza LaVonne amefika? Ulikuja akiwa ameshakufa, ukakaa siku tatu, ukaondoka na ile bruchi yake ya fedha, ya kubana kifuani, aliyotoka nayo bibi Norway, ukasema Mama alikuahidi. Labda alikuahidi. Nilikutengenezea sandwichi za njiani. LaVonne, sikuwahi kukusamehe, na sikuwahi kuwa na ujasiri wa kukwambia usoni.

Haya, sasa lile lililonifanya nishike kalamu. Vuta pumzi.

Unakumbuka Januari ya mwaka juzi, Cheryl alipopiga simu kusema umeonekana uvimbe na watakupasua baada ya wiki mbili. Halafu ukachukua simu wewe mwenyewe, na wewe ambaye hujawahi kuomba kitu duniani, ukasema, "Ardis, naogopa. Njoo unishike mkono." Nikakwambia nitazungumza na Orrin. Sikuzungumza naye. Lakini alikuwa amesikia upande wangu wa maneno, na mengine akayajua mwenyewe, maana uso wangu hakuhitaji miwani kuusoma.

Alivaa makoti mawili akatoka. Nje mate yalikuwa yanaganda kabla hayajafika chini. Siku mbili nzima alikuwa kwenye lile banda. Aling'oa sufi yote ya chuma aliyozibia kwa miaka, tundu kwa tundu, ili gari lipate hewa, akatoa mafuta ya mnanaa, akachaji betri, akasafisha mashine ya joto na kuiwasha, akatandika kitanda na lile blanketi langu la buluu. Siku ya pili jioni aliingia jikoni, vidole vimechanika vyote, maana ile sufi ya chuma ni nyembe tupu. Nilimfunga vitambaa mikono yote miwili. Akasema, "Bibi wee, funga nguo. Kesho kukipambazuka tunaondoka. Barabara ya kusini imefunguliwa, siku nne tuko kwa shemeji." Alikuwa na furaha kama mvulana, mzee wa watu.

Nikamwambia siendi.

Alidhani naogopa barabara. Akaniambia atanipeleka mpaka uwanja wa ndege nipande peke yangu. Nikasema siendi. Akaniuliza kwa nini, nikamjibu kwamba panya wataingia. Dada, nilimwambia hivyo mtu aliyetoka kufungua kila tundu kwa mikono yake. Na miaka yote ile mingine ilikuwa hivyo hivyo, ukitoa msimu ule nyaya zilipoliwa. Yeye aliniuliza kila Oktoba kabla hajaziba, "Tuende kwa dada yako mwaka huu?" na mimi ndiye niliyesema ziba. Nilitaka uonje. Nilitaka ukae dirishani ungoje mtu asiyekuja, kama Mama alivyokungoja wewe. Hata ulipokuwa na kisu kinakungoja, nilitaka. Sijui mtu anaitwaje akifanya hivyo, lakini ndiye huyo unayempakia rangi chumba.

Halafu nikainua simu mbele yake, yeye ameketi mezani na mikono iliyofungwa vitambaa, nikakupigia. Nikasema, "Dada, Orrin hataki. Kuna panya." Wewe ulipiga kelele mpaka sauti ikatoka nje ya simu, ukasema nimwambie huyo mlinzi wa panya kwamba ukifa asikanyage kwako. Alisikia kila neno. Nilipoweka simu akauliza, bila ukali, "Umemwambia mimi ndiye nimekataa?" Nikajibu, "Si unamjua alivyo." Alikunywa kahawa yake mpaka ikaisha. Akavaa koti, akarudi bandani, akaanza kuziba upya.

Tangu hapo, ulipopiga simu Jumapili na akapokea yeye, ulikuwa unamwambia, "Nipe mdogo wangu, we mzee wa panya," naye anasema, "Ndiyo shemeji, huyu hapa." Krismasi iliyopita nilishindwa. Nilimwambia nitakwambia ukweli, nimechoka kumwona anatukanwa mtu asiye na kosa. Alikataa katakata, na Orrin hakuwa mtu wa kukataa mambo. Alisema, "Akinichukia mimi, ninyi bado ni ndugu. Akikuchukia wewe, mimi nikiondoka utabaki na nani?" Baada ya wiki saba akaondoka.

Basi nimevunja neno lake, na ninajua ninachovunja. Watoto wangu wako mbali na maisha yao. Delmar anahamia kwa binti yake mwezi wa sita. Baada ya hapo katika dunia hii ni wewe tu, na leo nakupa sababu ya kunifungia mlango. Lakini sitakubali alale chini ya udongo na jina nililompa mimi.

Sitakuja Arizona, si sasa. Naomba wewe uje. Tutamzika Jumamosi ya tarehe kumi na saba Mei, saa tano, makaburi ya kanisani, wanawake wa kanisa watapika. Ukishindwa kunitazama, simama upande wa pili wa kaburi, usinisalimie, usiingie kwangu, Delmar atakupokea na kukulaza. Mimi sistahili. Lakini yeye njoo umwite shemeji, hata mara moja, kwa sauti watu wasikie.

Nisalimie Cheryl, mwambie namshukuru kwa kukushika mkono ule nilioukataa. Mchungaji anakusalimu, na mke wa Delmar pia, anauliza kama ile dawa ya goti ilifaa.

Usijibu kwa hasira ya leo, ingoje kidogo. Ila ukitaka kupiga simu Jumapili, piga, nitapokea mimi. Hakuna tena mtu wa kunipokelea matusi yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Ardis