Fundi Niliyemchagua Mimi

Mume wangu mdogo,

Hujambo? Hiyo kazi inakuacha ulale, au bado unakula umesimama kama punda? Sisi huku tunapumua. Mama yako mzima. Magoti yangu yananisumbua, lakini mdomo haujapata ugonjwa, kama utakavyoona.

Babu yako asubuhi ana nafuu. Ikifika saa nane mchana, bati likishapata moto, anahema kama aliyekimbizwa. Umeme ukikatika feni inasimama, tunabaki kumpepea kwa kipande cha boksi. Daktari amesema moyo wake hautastahimili kiangazi kingine humu. Kwa hiyo uliponiambia nitafute fundi wa kujenga nyumba yenye ubaridi wake yenyewe, isiyokula umeme, sikukaa.

Alianza kuja yule rafiki yako mwenye mkoba. Akanionyesha picha kwenye simu, vioo mpaka chini. Nikamwambia picha hainikaushi jasho, anipeleke kwenye nyumba aliyoijenga, tena mchana wa jua kali. Tukaenda. Mwenye nyumba akatupokea na taulo shingoni, mapazia yamefungwa, viyoyozi viwili vinanguruma. Nikauliza vikizimwa inakuwaje. Mama wa watu akamtazama fundi, fundi akatazama viatu vyake. Nikaaga.

Nyumba ya pili nilipelekwa na mama yako. Njia nzima nilimgombeza kwamba ananitembeza juani kama mbuzi wa mnada. Mjukuu wangu, humo ndani nilitafuta feni nisiione! Kuta nene, upenu mrefu unaokinga ukuta na jua, madirisha yanatazamana, na kati ya bati na dari pameachwa nafasi hewa ipite. Nilikaa mpaka nikajitanda mtandio. Nikasema ndiye huyu, aitwe. Hapo ndipo mama yako akaniambia aliyejenga ni nani.

Ni baba yako.

Usiitupe barua. Najua uliniambia fundi yeyote ila huyo, nami nikaitikia. Neno langu nimelivunja, na radhi sikuombi. Nilimgeukia mama yako nikamuuliza kama amerogwa. Akajibu kwamba mwanamume yule ndoa aliiharibu, lakini ukuta hajamharibia mtu, na kwamba yeye anataka baba yake aishi. Nikamwambia basi aitwe, kabla moyo wangu haujageuka.

Msingi ameshachimba. Chai simpi, na salamu yake naiitikia nimegeuka upande. Juzi babu yako alimtambua kwa kikohozi chake hapo nje. Nikasimama mlangoni, nikijua sasa patachafuka. Mzee akahema, akahema tena, kisha akasema fundi aambiwe dirisha la chumba chake lisielekee jua la jioni.

Sasa wewe ukitaka kazi isimame, usinitumie ujumbe. Njoo umwambie babu yako mwenyewe, ukimtazama.

Mama yako anakusalimu sana. Nawe wasalimie wote wanaokuvumilia huko.

Ni mimi bibi yako, niliyekulea.