Ukuta wa Moto wa Mume Wangu Enoki

Enoki, mjukuu na mume wangu,

Maharage yameiva, yatie chumvi. Jana uliposema umeweka ukuta wa moto kwenye kile kisanduku cha intaneti, nilifurahi, maana baridi ya Mjimwema huku milimani unaijua. Asubuhi nikakisogezea miguu. Ukungu dirishani, nikasinzia, nikamwona dada yangu Emilia akiniita kutoka Makambako. Kuamka nimpigie ya video, anavyoumwa vile, simu ikagoma! Kumbe huo ukuta wako umeruhusu simu zote za nyumbani, yangu ukaisahau. Wezi wa mtandaoni umewazuia, na mkeo umemfungia nje? ~~Nimekasirika.~~ Nimecheka. Jioni fungia kuku, siyo mimi. Naenda Makambako. Leo uso wa Emilia nitaushika kwa viganja, jambo lisilopita kwenye kisanduku chako.

Bibi