Nimemkata Kasuku wa Jirani Kucha, Sasa Hasemi

Zombe, Kitui
14 Agosti 1985

Mpendwa Bi Ndila,

Pokea salamu zangu. Sijawahi kuandikia gazeti hata siku moja, na hata sasa naandika nikiwa jikoni ili mume wangu asione, lakini nikikaa na jambo hili peke yangu nitaugua, kwa hivyo naomba unisikilize mpaka mwisho halafu unigombeze ukitaka.

Nina jirani yangu anaitwa Mwanamkasi, sisi tunamwita Mama Hasina, ni Mwislamu wa asili ya pwani, na nyumba yake na yangu zimeshikana ukuta mmoja kwa miaka kumi na minne, watoto wangu wamekula kwake na binti yake Hasina amelala kwangu, na hakuna siku tumewahi kukosana. Mume wake, mzee Yakub, alifariki mwaka juzi. Alimwachia kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ambaye alimnunua kwa baharia fulani Mombasa zamani, na kasuku huyo, Bi Ndila, anaongea kwa sauti ya mzee Yakub kabisa, si kumwiga, ni kama ni yeye, mpaka kile kikohozi chake. Kila asubuhi anaita, "Mwanamkasi wee, chai i wapi?" na Mama Hasina anajibu kutoka jikoni, "Yaja, mume wangu, yaja," na mimi huwa nawasikia nikifagia upande wangu, na mara nyingi nimelia.

Mwishoni mwa mwezi uliopita Hasina alijifungua huko Mombasa, na mama yake akaenda kukaa naye mpaka arobaini iishe. Akaniachia kasuku. Aliniambia, "Kalondu, wewe ndiwe ndugu yangu hapa, sina mwingine wa kumwachia," akanipa na karatasi ya maagizo aliyoiandika kwa mkono wake, maana anajua mimi nasahau. Maagizo ni mafupi: maji abadilishiwe kila siku, mtama na alizeti asubuhi, asipewe parachichi hata kidogo, halafu la mwisho likasema, na nalinakili hapa kama lilivyo: "Usiku mfunike kwa kanga, wala usimfunue kabla ya kucha."

Sasa hapo ndipo tulipokwama. Nilimwuliza mume wangu Muthama, kucha za nani? Akachungulia ndani ya tundu akasema, "Si ni zake. Angalia vile ziko refu. Huyu mama anataka akatwe kucha kwanza, ndio afunguliwe." Nikasema mbona hajaandika kukata, akaniambia, "Watu wa pwani hupenda kufupisha maneno." Bi Ndila, mimi nimesoma mpaka darasa la sita, Kiswahili nimekiokota shuleni na sokoni, nikaona mume wangu amesema kweli. Lakini niliogopa kukata. Basi siku tatu nzima nikamwacha yule ndege chini ya kanga, mchana na usiku, nikimwingizia maji na chakula kwa kuinua pindo kidogo tu. Na nikuambie ukweli wote, siku ya pili ilikuwa zamu yangu ya kukaribisha akina mama wa kanisa kwa maombi, na nilishukuru kimoyomoyo kwamba amenyamaza, kwa sababu huyo ndege hutoa salamu za Kiislamu kila mlango ukifunguliwa.

Siku ya nne Muthama, ambaye ni fundi wa baiskeli, alileta koleo lake la kukatia spoki. Akamkamata kasuku kifuani kwa mkono mtupu, akamkaza, akaniambia, "Shika yeye miguu, Kalondu, hii ndege iko na nguvu!" Ukucha wa kwanza ulikatika vizuri. Wa pili akaukata katikati, na damu ikatoka, ikatoka, ikatoka. Kasuku alipiga ukelele mmoja tu. Mimi nikaita, "Ai mwaitu!" nikaachilia miguu, nikakimbilia majani chai na kitambaa nikamfunga, tukakaa tumemkodolea macho mpaka saa nane mchana ndipo damu ikakauka.

Tangu siku hiyo, na leo ni ya tisa, hajasema neno. Kanga nilishaitoa. Anakula, ingawa kidogo, mguu hauna uvimbe, lakini amenyamaza kabisa, na nikimwita ananigeuzia mgongo. Kila asubuhi nasimama mbele yake nikingoja aulize chai na hakuna kitu. Naogopa, Bi Ndila, naogopa sana, kwa sababu nikifikiria Mama Hasina akirudi asubuhi moja na kungoja kuitwa, naona ni mimi niliyemfisha mzee Yakub mara ya pili.

Muthama ana mawazo mawili. La kwanza, anasema alicheza bao na mzee miaka mingi na sauti yake anaijua, kwa hivyo kila jioni akitoka kazini anaketi mbele ya tundu na kusema, "Mwanamkasi wee, chai i wapi?" mara ishirini, thelathini, na kasuku anamwangalia tu. La pili, hiyo ikishindikana, tuache mlango wa tundu wazi tuseme ametoroka. Mimi sijui. Nikimwambia mwenzangu ukweli atanichukia, nikimdanganya nitaishi vipi na ukuta ule? Tena kucha sita zimebaki. Nizikate au niziache? Tafadhali nijibu haraka, na usichapishe majina yetu.

Mwenye hofu

*

BI NDILA ANAJIBU

Unataka nisichapishe majina, na barua yenyewe umeijaza majina kama rejista ya shule. Haya, nimeyabadilisha yote.

Kwanza kabisa, hilo koleo lirudi kwa baiskeli. Kucha sita ziache, kwa sababu hakuna aliyekutuma kuzikata. Soma tena ile karatasi, polepole. Mtu wa pwani akiandika "kabla ya kucha" anasema kabla ya mapambazuko. Ni kucha ile ile ya kumekucha, neno ambalo nina hakika unalisema kila siku ukiwaamsha watoto. Jirani yako alikuomba umwache ndege alale mpaka asubuhi, basi. Nilicheka nilipofika hapo, nakiri. Halafu nikafika kwenye damu.

Kwa neno lenyewe sikulaumu. Mimi nimezaliwa Kasikeu, nimelelewa kwa Kikamba, na Kiswahili cha pwani kimenitega mara nyingi mpaka leo. Nakulaumu kwa zile siku tatu za giza. Ulikuwa na shaka, na Zombe kuna familia zaidi ya moja yenye asili ya pwani ambayo ingekusomea mstari ule kwa dakika moja. Hukwenda kuuliza kwa sababu kimya cha kasuku kilikufaa mbele ya akina mama wa kanisa. Umelisema mwenyewe bila kulazimishwa, na kwa hilo nimekuheshimu, lakini kosa lako liko hapo na si penginepo.

Sasa habari za kucha, kwa faida yako na ya wengine wanaofuga. Nilimwuliza daktari wa mifugo ambaye ametibu kasuku miaka mingi, na aliposikia kwamba mumeo amemkaza ndege kifuani alishika kichwa. Ndege hupumua kwa kutanua kifua, na ukikibana namna ile anaweza kufa mikononi mwako kabla hujakata chochote. Anazungushiwa taulo, anashikwa kwa upole, kifua kinaachwa huru. Ndani ya ukucha mna mshipa wa damu, na kasuku wa kijivu ana kucha nyeusi, huuoni mshipa unapoanzia. Kwa hiyo hukati. Unasugua ncha peke yake kwa tupa ndogo ya kucha, kidogo leo, kidogo siku nyingine, tena pale tu kucha zinaponasa kwenye nguo au kumfanya akanyage vibaya. Damu ikitoka, bonyeza unga laini hapo kwenye ncha kwa dakika chache bila kuchungulia, na ikikataa kukatika mpeleke kwa daktari. Kitambaa kama bado kiko mguuni, kitoe leo. Kama anasimamia kijiti laini, badala yake mtilie tawi la mpera lenye gome lake, nene kiasi cha kushikika, na kucha atazisugua mwenyewe.

Kuhusu kunyamaza, wewe ulitaka aseme nini? Amefungiwa gizani, amebanwa, ametolewa damu na watu wasio wake. Anaogopa. Daktari anasema wengi hurudia kusema wakishatulia, wengine baada ya miezi, na wapo wasiorudia. Yeye hawezi kukuahidi, na mimi sitakudanganya.

Mumeo aache yale masomo ya jioni, leo hii. Nasikitika kusema hivyo, maana ana nia njema. Kasuku akishika, atashika sauti ya Muthama, na yule mama atajua kwa neno la kwanza kwamba anayemwita si mumewe, kisha kila asubuhi ataamshwa na uongo wenu. Na mlango wa tundu ubaki umefungwa. Ndege wa nyumbani hatamaliza siku mbili katika vichaka vya huko, na mwenzako atabaki kuangalia juu ya kila mti anaopita mpaka azeeke. Huyo ndiye uliyemwita jirani wa miaka kumi na minne?

Jibu hili nimekutumia kwa posta siku kumi kabla ya kulichapisha, ili jirani yako alisikie jambo hili kwako kwanza. Gazeti hili linauzwa Mombasa, na mwanamke aliyeacha kasuku akaenda kumlea mzazi atajitambua kwa mistari mitatu, hata nikimpa jina gani. Kwa hiyo kama unayasoma haya gazetini na bado hujamwambia, weka gazeti chini, vaa viatu, nenda posta upige simu. Usianze na habari za mvua, usimwulize mtoto ananyonya vipi. Sema, "Mama Hasina, nimemuumiza kasuku wako. Jeraha linapona, lakini tangu siku hiyo hajasema." Halafu nyamaza, umwache alie.